Limau libaki jikoni: majibu ya maswali yenu ya kwapa

Tangu nigusie diodoranti za kujitengenezea nyumbani, maswali hayaishi. Nimechagua machache. Wanaouliza wapake nini kwapa liwe jeupe ifikapo Ijumaa, barua zao ziko kapuni, isipokuwa moja ambayo ndani yake niliona jambo.

Shikamoo shangazi. Je, naweza kupaka limau kwapani badala ya diodoranti?

Marahaba. Hapana.

Najua mtaniuliza tena wiki ijayo, basi niseme na sababu. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, pH yake (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi inazidi) ikicheza karibu na 5. Maji ya limau yako karibu na 2. Ukali huo unaua bakteria kweli, ndiyo maana siku ya kwanza unashangilia. Ukishanyoa utalia. Tena limau lina kemikali ambazo zikibaki kwenye ngozi na jua likazipiga, ngozi huungua, hutoa malengelenge na kuacha madoa meusi ya miezi. Kwapa limejificha, sawa, lakini vidole vilivyokamua na mkono uliochuruzikiwa havikujificha.

Nilichanganya bekingi soda na mafuta ya nazi. Wiki mbili zilikuwa safi, sasa kwapa limekuwa jekundu, linawasha na kuchubuka. Rafiki yangu anasema ni sumu inatoka, nivumilie. Ni kweli?

Usivumilie chochote. Acha leo hii, na huyo rafiki mwambie kazi ya kuondoa sumu mwilini ina wenyewe: ini na figo. Jasho ni maji na chumvi, na lile la kwapani lina mafuta na protini kidogo. Likitoka halina harufu ya kusumbua. Kikwapa huja pale bakteria wanaoishi kwenye ngozi wanapolimeng'enya. Hakuna sumu iliyokwama humo ikisubiri soda ije kuifungulia mlango.

Kinachokutokea ni ngozi kuumia. Soda ikilowa jasho inafika pH ya 8 na zaidi, na ukiirudia kila siku inamomonyoa ule utando wa asidi unaoilinda ngozi. Wapo wanaoipaka miaka wasidhurike. Wewe si mmoja wao, na kuipunguza nusu ni kuahirisha tu. Osha kwa maji matupu, paka vaselini kidogo isiyo na manukato, usinyoe, usipake kingine mpaka ngozi itulie. Ikitoa majimaji, ikivimba au wiki ikipita bila nafuu, nenda kliniki.

Kuna jambo hukulitaja, na watu hawalitaji kamwe: je, ulitia matone ya mafuta ya manukato? Mzio unaweza kuchukua wiki kadhaa kujitokeza, kwa sababu mwili huanza kwa kukitambua kitu ndipo ukikatae. Usiibebeshe soda lawama zote kabla ya kukagua hayo matone.

Na wale wanaotumia magadi eti ni yale yale: si yale yale. Ni makali zaidi.

Umekataza kila kitu. Basi tupe kipimo chako.

Haya. Siagi ya shea vijiko vitatu vya chakula, mafuta ya nazi viwili, nta ya nyuki iliyokunwa vijiko viwili vya chai. Kisha uwanga, ule unga wa mizizi ya ararut, au wanga mweupe laini wa mahindi, vijiko vitatu vya chakula, na oksidi ya zinki kijiko kimoja cha chai. Zinki ndiyo hii hii ya krimu za vipele vya nepi. Ni pole kwa ngozi na inapunguza harufu. Wanga kazi yake ni kunyonya unyevu tu.

Weka bakuli la glasi ndani ya sufuria yenye maji ya moto. Anza na nta, maana haiyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 62 hivi, halafu mafuta ya nazi, mwisho shea. Toa motoni, ndipo utie unga polepole, huku umefunika pua. Vumbi la zinki si la kuvuta. Sasa hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanakoroga mara mbili, wanamimina, wanaondoka, kisha wananiandikia kwamba zinki yote imelala chini ya kopo. Koroga mpaka mchanganyiko uanze kuwa mzito wenyewe. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 au 25, kwa hiyo penye joto zaidi ya hapo ongeza nta kidogo.

Kabla ya kupaka kwapani, jaribu upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, mara mbili kwa siku kwa wiki nzima. Wiki, siyo dakika kumi. Pakiwa salama, chukua kiasi cha punje ya njegere kwa kila kwapa, tena kwapa kavu, na si mara baada ya kunyoa. Chota kwa kijiti kikavu. Ikibadilika harufu, tupa.

Naweza kuongeza mshubiri mbichi?

Hapana. Mshubiri mbichi umejaa maji, na ukitia maji bila kihifadhi umefuga ukungu. Ukiupenda, pakaa peke yake, ukiwa umeosha ule utomvu wa njano unaowasha.

Na mafuta ya karafuu, au mchaichai, kwa ajili ya harufu? Ngozi yangu ni nyepesi kudhurika.

Umesema ngozi yako ni nyepesi kudhurika. Basi hakuna. Kitu kutoka kwenye mmea hakiwi kipole kwa sababu hiyo. Upupu nao ni mmea.

Nimepaka yako na bado natoka jasho.

Diodoranti haizuii jasho. Inashughulikia harufu.

Natumia jiwe la shabu kwa sababu halina aluminiamu. Nimefanya vizuri?

Shabu ni chumvi ya aluminiamu na potasiamu. Aliyekuuzia kwa maneno hayo amekudanganya, au naye alidanganywa. Hata hivyo ukililowesha na kulipitisha juu ya ngozi isiyo na michubuko, wengi linawafaa. Hofu ya kwamba aluminiamu ya kwapani huleta saratani ya matiti haijapata uthibitisho wa wazi, na nimechoka kuona wauzaji wa vitu vya asili wakiishi kwa hofu hiyo. Mwenye ugonjwa wa figo ndiye wa kumuuliza daktari kwanza.

Kwapa langu limekuwa jeusi na nene, kama mahameli. Pia shingoni. Nisugue na nini?

Hii ndiyo barua niliyoitoa kapuni. Usisugue. Weusi wa namna hiyo, hasa ukiwa kwapani na shingoni kwa pamoja, mara nyingi huambatana na mwili kushindwa kuitumia insulini vizuri. Nenda ukapime sukari. Hakuna krimu ya kujibu hilo. Na wale wenye majipu yanayorudi kwapani, yanayouma na kuacha makovu, nanyi mna daktari wa kumwona; sabuni kali haitawasaidia, na si dalili ya uchafu.

Binti yangu ana miaka 6 na ameanza kutoa kikwapa. Nimpunguzie kipimo?

Usimpake kitu, mpeleke kwa daktari. Tezi za jasho linalotoa harufu hiyo kwa kawaida huamka wakati wa kubalehe, na kwa msichana aliye chini ya miaka 8 ni mapema mno. Pengine si jambo kubwa, lakini wa kusema hivyo ni aliyempima. Mpaka hapo, maji, sabuni isiyo na manukato, na nguo za pamba zinazofuliwa kila siku.