Pasipoti ya Mtoto Imeisha na Safari Imekaribia

SWALI: Assalaam aleikum, Mshauri. Mimi ni mama wa watoto watatu na ninaishi Mikindani. Mwezi Desemba, shule zitakapofungwa, tumealikwa Dubai na wifi yangu, ambaye amedunduliza nauli zetu tangu mwaka jana. Juzi nilifungua sanduku nitoe pasipoti nizipige picha, ili wifi aanze kushughulikia viza, ndipo nikaona kwamba ya kitindamimba wangu, mwenye umri wa miaka saba, iliisha tangu Agosti. Zimebaki wiki tano. Baba yake yupo Dar es Salaam kikazi. Kijana wa steshenari anataka nimpe fedha ili “aisukume” pasipoti, na jirani yangu anasema nipande basi nimpeleke mtoto Dar moja kwa moja. Nianzie wapi?
Mama Z., Mikindani, Mtwara

JIBU: Waaleikumu salaam, dada yangu. Kabla hujatoka nyumbani, mpigie wifi simu umwombe asilipie viza ya huyu mtoto kwa pasipoti iliyopo. Kitabu kipya kitakuja na namba mpya, na viza hufungwa kwenye namba ya pasipoti; akiharakisha leo, atalipa mara mbili. Tiketi haina shida kubwa kama hiyo, kwa sababu wakala wa ndege anaweza kubadilisha namba ya pasipoti kwenye taarifa za abiria bila kugusa jina. Ukiwa bado na simu mkononi, angalia pia pasipoti yako na za watoto wale wakubwa, maana Umoja wa Falme za Kiarabu humtaka mgeni awe na pasipoti iliyobakiza walau miezi sita. Tarehe ya mwisho imechapishwa kwenye ukurasa wenye picha. Isome hapo, usiikadirie kwa kukumbuka mliichukua lini.

Pasipoti iliyoisha haiongezwi muda kwa kugongwa muhuri. Unaomba nyingine, na ile ya zamani unakwenda nayo ofisini, kwa hiyo usiitupe wala usimwachie mtoto aichezee. Maombi huanzia kwenye tovuti ya Uhamiaji, ambayo anwani yake inaishia na .go.tz, na ada ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000: 20,000 hulipwa mwanzoni kwa ajili ya fomu na 130,000 zinazobaki hulipwa baadaye, kila malipo kwa kumbukumbu namba yake, kupitia benki au simu. Hakuna hatua yoyote ambapo fedha hizo hupita mkononi mwa mtu. Huyo kijana anayetaka kuisukuma hana mahali pa kuishika, na akiendelea kukusumbua au akikutajia afisa wa kugawana naye, namba ya bure ya TAKUKURU ni 113.

Hata hivyo sikukatazi kwenda steshenari, kwa kuwa wengi wetu hatuna kompyuta nyumbani, na kujaza fomu ndefu kwenye simu yenye kioo kilichopasuka ni adhabu. Ila kaa naye bega kwa bega mpaka amalize. Nimeona fomu zaidi ya moja ambazo mjazaji aliweka namba yake ya simu na barua pepe yake mwenyewe ili asichelewe, kisha ujumbe ukawa unaingia kwake huku mama wa watu anahesabu siku nyumbani akidhani hajajibiwa. Weka namba yako. Kama huna barua pepe, akufungulie yako hapohapo, na nywila uiandike kwenye daftari lako.

Sasa nifike kwenye jambo linalokula siku kuliko foleni yoyote, nalo ni majina. Tandika mezani cheti cha kuzaliwa cha mtoto, pasipoti yake ya zamani, kitambulisho chako cha NIDA na cha baba yake, pamoja na vyeti vyenu vya kuzaliwa au viapo vya kuzaliwa mlivyonavyo, kisha soma herufi kwa herufi, kwa kidole, kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Huku kwetu Kusini jina moja huandikwa kwa namna tatu: babu alikuwa Saidi, karani wa hospitali akaandika Said, mwalimu mkuu akaandika Saidy, na kila mmoja aliona ameandika sawasawa. Hamisi na Khamis ni hivyohivyo, na majina ya Kimakonde na Kiyao ndiyo hukatwa na kuungwa kila karani apendavyo. Kwako wewe huyo ni mtu mmoja unayemfahamu tangu uchumba, lakini kwa afisa anayelinganisha karatasi, Saidi wa kwenye cheti na Said wa kwenye kitambulisho ni watu wawili mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Ukikuta tofauti, usiifiche wala usiijaze fomu kwa kubahatisha. Kama kosa liko kwenye cheti cha mtoto, linashughulikiwa na RITA, na kwa Mtwara utaanzia kwa msajili wa wilaya, kwenye ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya. Kama ni tofauti ya herufi kwenye jina la mzazi, mara nyingi watu huapa mbele ya wakili au hakimu kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Lakini kwa sababu ya muda ulionao, ninakushauri uchukue nakala za karatasi zote uende kwanza Uhamiaji Mkoa, umuulize afisa kama kiapo kinamtosha au anataka cheti kirekebishwe. Swali hilo la dakika kumi linaweza kukuokolea wiki nzima, na hulilipii.

Kuhusu baba yake, usisubiri apate likizo. Kwa kuwa mwombaji ni mtoto, na kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, ridhaa ya wazazi ni sehemu ya maombi. Baba anaweza kuiandika hukohuko Dar es Salaam, akaisaini mbele ya wakili, akaambatisha nakala ya kitambulisho chake, kisha akampa kondakta wa basi la usiku bahasha yenye karatasi halisi huku picha yake akikutumia kwa simu ili usikae bure. Mwambie aandike pia kwamba anaridhia mtoto asafiri nawe nje ya nchi, ataje tarehe na mahali mtakapofikia. Karatasi hiyo utaibeba mpaka uwanja wa ndege, kwa sababu mzazi mmoja akisafiri na mtoto anaweza kuulizwa mwenzake yuko wapi, na si vizuri kuanza kutafuta wakili saa nane za usiku.

Mtoto mwenyewe lazima afike ofisini, kwa kuwa pasipoti hizi za kielektroniki, zilizozinduliwa Januari 2018, zinahitaji taarifa za mwombaji zichukuliwe akiwepo. Omba ruhusa shuleni ya siku moja, na mpeleke asubuhi akiwa ameshiba. Picha iwe mpya: mtoto wa miaka saba hafanani na yule wa miaka miwili aliyeko kwenye kitabu cha zamani, aliyeshikiliwa shingo na mkono wa mama unaoonekana pembeni.

Siku hiyohiyo ya kuwasilisha, ambatisha barua fupi ya kuomba maombi yashughulikiwe mapema, pamoja na nakala ya mwaliko wa wifi na tarehe za safari. Uandike ukweli. Likizo si ugonjwa, na afisa anayesoma barua yako huenda mbele yake ana nyingine ya mgonjwa anayesubiriwa hospitali India. Ukidai msiba usiokuwepo, umeipa faili ya mwanao doa kwa sababu ya wiki mbili za matembezi. Mara nyingi barua ya ukweli yenye tarehe inayosomeka humsaidia afisa kupanga kazi yake.

Na hilo basi la Dar? Ni zaidi ya kilomita 500, na mtoto akifika huko utaulizwa karatasi zilezile ambazo ungeulizwa Mtwara. Nenda tu kama Uhamiaji wenyewe wamekuelekeza. Wakikuelekeza, ondoka siku mbili kabla, kwani sote tunakumbuka Mei 2024 mvua zilivyoikata barabara yetu pale Somanga.

Wiki tano zinaweza kutosha na zinaweza zisitoshe. Weka na wifi tarehe moja, tuseme siku kumi kabla ya ndege, ambayo ikifika bila kitabu mkononi mtasogeza tiketi za familia nzima. Wazo la kumwacha huyu mdogo kwa bibi yake ili wengine muende sikulipenda, ingawa hukuniuliza.

SWALI: Mama mkwe anasema zamani watoto waliandikwa ndani ya pasipoti ya mama. Je, siwezi kumwingiza wangu kwenye yangu, au kumchukulia hati ya dharura, tukaenda Afrika Kusini?
Msomaji wa Lindi Mjini

JIBU: Mama mkwe anasema kweli kuhusu zamani. Siku hizi kila msafiri, hata wa miezi mitatu, ana kitabu chake. Ama hati ya dharura ya safari, hiyo si mbadala wa pasipoti kwa kila nchi. Kabla ya kuiomba, waulize Uhamiaji kama inapokewa kule unakokwenda, na shirika la ndege kama litakupandisha nayo. Kwa Afrika Kusini mkiwa na pasipoti hamhitaji viza kwa matembezi yasiyozidi siku 90, hivyo muda ambao ungeutumia kutafuta viza utumie kumwombea mtoto pasipoti yake kamili.