Maswali ya Wasomaji: Fimbo na Rili ya Kuvulia Baharini kwa Kayaki

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkazi wa Kunduchi na nimezoea kuvua kwa mshipi wa mkono katika mtumbwi wa jamaa zangu. Hivi karibuni nimepata kayaki ya plastiki ya mtu mmoja, ile ya kukalia juu, yenye urefu wa mita 3.3 hivi, na ningependa kuanza kutumia fimbo. Rafiki yangu ananiuzia kwa bei ya kirafiki fimbo ya mita 3.6 aliyokuwa akivulia ufukweni, pamoja na rili yake kubwa, yaani kile kifaa cha kuzungushia mshipi. Anasema ukubwa wa rili ndio utakaoniokoa nikinasa kolekole au nguru. Je, nichukue? — Msomaji, Kunduchi

JIBU: Ndugu msomaji, fimbo hiyo usiichukue, hata kwa bei ya kirafiki. Ubovu haina, ila imetengenezwa kwa ajili ya mtu aliyesimama mchangani, anayetaka kurusha chambo mbali kupita mawimbi yanayovunjika, na ambaye samaki akikaribia anaweza kurudi nyuma hatua kadhaa hadi amvute nchi kavu. Wewe utakuwa umeketi, miguu umeinyoosha mbele, na huna pa kurudi. Samaki akifika ubavuni, ncha ya fimbo ya mita 3.6 itakuwa mbali mno na mkono wako, na ili mshipi ukufikie itakubidi uilaze fimbo nyuma ya kichwa. Hapo uzito wote wa samaki huhamia kwenye zile sentimita chache nyembamba za nchani, ambazo hazikukusudiwa kuubeba peke yake. Fimbo nyingi za kwenye kayaki huvunjika namna hiyo, samaki akiwa karibu kuguswa kwa mkono.

Fimbo fupi kupita kiasi nayo ina shida yake. Kolekole akishaiona kayaki hupenda kupita chini yake kutoka upande mmoja hadi mwingine, nawe huna budi kuipeleka ncha ya fimbo mbele na kuizungusha kwenye omo, yaani ncha ya mbele ya chombo, ili mshipi usikwaruze tumbo lake. Katika kayaki ya mita 3.3 omo iko zaidi ya mita moja na nusu kutoka ulipoketi, na fimbo ya mita 1.5 haivuki hapo bila wewe kuinama, jambo lisilofaa kabisa katika chombo kinachoyumba. Kwa hiyo tafuta fimbo ya kati ya mita 2 na 2.2, mimi ningechukua ya mita 2.1. Angalia pia kitako, yaani sehemu iliyo nyuma ya rili, maana kikiwa kirefu hunasa kwenye jaketi la kujiokolea kila unapotaka kubadilisha upande. Ukiwa dukani, keti sakafuni, nyoosha miguu, kisha ipitishe fimbo kutoka kushoto kwenda kulia mbele ya kifua chako. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae.

Kuhusu kilichotengenezea fimbo, kaboni tupu ni nyepesi na huleta vizuri mtikisiko wa samaki, lakini haipendi kugongwa, na kwenye kayaki fimbo hugongwa na kafi kila mara. Fimbo ya nyuzi za kioo, au yenye mchanganyiko wa kioo na kaboni, huvumilia zaidi. Kwa fimbo ya kwanza ningechagua huo mchanganyiko bila kusita. Kagua kila pete ya kupitishia mshipi kwa kusugua ndani yake pamba au kitambaa laini: nyuzi zikinasa, pete ina ufa, na ufa huo utaukata mshipi wako.

Sasa rili, ambayo ndiyo ingestahili sehemu kubwa ya fedha zako. Rafiki yako anaamini ukubwa. Mimi naamini breki, yaani ile sehemu ya rili inayouzuia mshipi au kuuachia utoke samaki anapovuta. Kwenye kayaki samaki mwenye nguvu hukuvuta wewe na chombo chako, na kule kuburutwa tayari kunamchosha, hivyo huhitaji rili ya kumzuia kana kwamba umesimama juu ya gati. Breki iliyokazwa mno, fimbo ikiwa imeelekezwa ubavuni, inaweza kukupindua. Elekeza fimbo omo, kayaki igeuke na kumfuata samaki, na uiache breki ifanye kazi yake.

Rili ya kawaida ya kurushia, ile inayoning'inia chini ya fimbo, ya ukubwa unaoandikwa 4000 inatosha. Nambari hizo hazilingani kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo usizitegemee peke yake. Soma kwenye spuli, yaani kile kibiringo cha mshipi, uhakikishe kinabeba mita 200 au zaidi za mshipi wa kusuka unaostahimili kilo 9 hadi 14. Rili ya ngoma, inayokaa juu ya fimbo, ni nzuri kwa kushusha chambo wima kuwatafuta changu na chewa, ila kurusha nayo kunahitaji mazoezi, na anayeanza huishia kufumua vifundo badala ya kuvua.

Kabla ya kulipa, kaza breki kiasi, mwombe mtu ashike mshipi, uuvute polepole. Breki njema hutoa mshipi kwa ulaini tangu mwanzo, na mbaya hushika, huachia ghafla, kisha hushika tena, na nguru anayekimbia hukata mshipi katika mshtuko huo huo. Halafu zungusha kwa kidole kile kigurudumu kidogo kinachouelekeza mshipi kwenye spuli. Kikikataa kuzunguka, mshipi utasuguliwa hapo kila samaki anapokimbia. Ukiwa nyumbani, funga mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza, inua fimbo kama unapambana na samaki, na urekebishe breki iachie kwenye robo hadi theluthi ya uwezo wa mshipi. Kwa mshipi wa kilo 9 ni takriban kilo 2.25 hadi 3.

Wewe uliyezoea kusikia samaki kwa kidole utaufurahia mshipi wa kusuka, kwa sababu hauvutiki kama nailoni. Chini yake kwenye spuli zungushia kwanza nailoni kidogo, la sivyo mshipi wote utateleza kwa pamoja. Mwishoni unga mita moja au mbili za nailoni nene inayostahimili miamba, na ukimtafuta nguru ongeza kipande kifupi cha waya, kwani meno yake hayajali nailoni. Siku za bamvua mkondo huwa mkali na utahitaji chubwi, yaani kizito cha kuzamishia chambo, iliyo nzito zaidi, kwa hiyo soma kwenye fimbo ni gramu ngapi imeruhusiwa kubeba. Inayofikia gramu 80 itakufaa siku nyingi.

Kwa kuwa unaanzia Kunduchi, kumbuka kwamba Mbudya, Pangavini, Fungu Yasini na Bongoyo ni hifadhi za bahari, na mshipi hauangushwi ndani ya mipaka yake. Kusi likivuma kwa nguvu, fimbo yoyote ile ibaki nyumbani.

SWALI: Rili yangu imeanza kusaga kama ina mchanga, ingawa kila nikirudi kutoka baharini huiosha kwa mpira wa maji. Nakosea wapi? — Msomaji, Kigamboni

JIBU: Kasi ya maji ya mpira huisukuma chumvi ndani badala ya kuitoa. Kaza breki kwanza ili maji yasiingie kwenye diski zake, nyunyiza maji kidogo kama mvua ya rasharasha, futa kwa kitambaa, anika kivulini, kisha legeza breki ili diski zisigandamane. Onja pia hayo maji unayooshea: visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi, na kuoshea maji ya namna hiyo hakusaidii kitu. Huko kusaga huenda kumetokana na beringi iliyokwisha kuliwa na kutu. Ifungue rili taratibu huku ukipiga picha kila hatua, itoe beringi hiyo, na uende nayo yenyewe dukani, kwa sababu beringi huuzwa kwa vipimo vya kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene, wala huhitaji kutafuta ya kampuni iliyotengeneza rili. Omba ya chuma kisichoshika kutu.