Hasira za Vijana wa Japani: Lipi Lisemwe kwa Nani?

SWALI: Mhariri, nilijifunza Kijapani darasani kabla ya kuja kufanya kazi katika ghala moja hapa Nagoya. Mwalimu alitufundisha kitenzi okoru kwa maana ya kukasirika, lakini wenzangu kazini kutwa husema iraira, mukatsuku na uzai. Maneno haya yanatofautianaje, na je, nikiyatumia nitaonekana sina adabu? — Msomaji, Nagoya.

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kupima ukali wa neno, tazama linamlenga nani. Anayesema iraira suru anaeleza hali yake mwenyewe: treni imechelewa, kompyuta imeganda, naye ndani anawashwa kama aliyechomwa na miiba. Kwa kuwa hakuna anayelaumiwa, unaweza kulitamka hata mbele ya mtu usiyemzoea sana.

Mukatsuku ni jambo jingine. Kitenzi hicho hicho hutumika kwa tumbo lililochafuka, na vijana ndio waliokieneza katika miaka ya 1980 kwa maana ya hasira inayopandisha nyongo. Msimamizi akikukaripia mbele za watu, kisha wakati wa mapumziko ukamnong'oneza rafiki, "Ano hito, maji mukatsuku," yaani yule mtu ananiudhi kwelikweli, hakuna atakayeshangaa. Ukimwambia msimamizi mwenyewe, umeanzisha ugomvi.

Uzai ndilo ninalokusihi ulielewe tu, usilitumie. Lilifupishwa kutoka uzattai, neno la lahaja ya Tama, magharibi mwa Tokyo, na leo humwangukia yeyote au chochote kinachokuganda na kukusumbua: ujumbe wa simu usiokoma, mzazi mwenye maswali mengi, mfanyakazi mwenzako anayejipendekeza. Mtu akiambiwa hivyo usoni huelewa kwamba hatakiwi pale alipo, na si ajabu kulisikia pale watoto wa shule wanapomtenga mwenzao. Tega sikio pia mwishoni mwa neno, kwani uzai hugeuka uzee, na urusai, yaani kelele, hugeuka urusee. Mwisho huo wa -ee ni wa usemi wa ubabe, hasa wa wanaume, na mgeni anayeuiga huchekesha au huogopesha, mara nyingi vyote viwili.

Mendokusai, ambalo vijana hulikata kuwa mendoi, ni la uchovu wa usumbufu tu, nalo halina madhara makubwa. Kireru humhusu aliyeishiwa subira akalipuka. Mwaka 2013 vijana walivuma na gekioko punpunmaru, lenye maana ya kufura kwa hasira. Lakini aliyepata nafasi ya kuandika neno refu namna hiyo, kwa maoni yangu, hajakasirika hata kidogo.

Sasa, unapokuwa na malalamiko ya kweli kwa mkubwa wako, maneno yote hayo yaweke kando, useme, "Chotto komaru n desu kedo," yaani jambo hili linanipa taabu kidogo, kisha unyamaze, kwa sababu neno kedo huiacha sentensi ikining'inia makusudi ili msikilizaji aimalizie mwenyewe. Usidanganywe na upole wake. Jirani akikuambia hivyo kuhusu muziki wako, punguza sauti usiku uo huo.