Maswali ya Wasomaji: Indiketa za LED za Kujitengenezea

Mwezi huu nimeziweka pamoja barua nne za wasomaji wa Mombasa, kwa kuwa zote zinahusu indiketa ambazo wenyewe wamezijenga au kuzifunga kwa LED, yaani vitaa vya kielektroniki vinavyotoa mwanga kwa umeme kidogo. Ukizisoma kwa mfuatano utaona kwamba chanzo cha matatizo mengi ni kimoja: nyaya za chombo zilisukwa kwa ajili ya globu ya kawaida, ambayo ni mlaji mkubwa wa umeme, na sasa amekaribishwa mgeni anayekula kidogo sana.

Asalaam aleikum, Mwalimu. Mimi ni dereva wa tuktuki, nabeba abiria kati ya Likoni Feri na Shika Adabu. Globu zangu za nyuma hukatika mara kwa mara kwa sababu ya mtikisiko wa barabara, nami nimeamua kutengeneza indiketa kwa LED ndogo za milimita 5. Fundi mmoja ameniambia nipange sita mfululizo ili zitimize volti 12, na kwamba rezista, kile kifaa kidogo cha kupunguza umeme, haihitajiki. Je, ni sawa?
*Dereva, Likoni*

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Si sawa, ingawa naiona hesabu iliyompeleka huko. LED ya manjano iliyokoza hushikilia takriban volti 2.1 inapowaka, kwa hiyo sita hutimiza 12.6, na hiyo ndiyo volti ya betri iliyojaa wakati injini imezimwa. Lakini injini ikishaguruma na chaji ikaingia, volti hupanda hadi karibu 14.4, na LED haina uwezo wa kujizuia: volti ikizidi kidogo tu, umeme unaopita ndani yake huongezeka maradufu, joto hupanda, na joto lenyewe huifanya ivute zaidi mpaka ife. Kinachoweka mpaka ni rezista, na rezista haiwezi kufanya kazi hiyo kama hukuiachia volti za kutosha.

Ndiyo maana nakushauri upange LED tatu tu kwa kila mstari. Tatu huchukua volti 6.3, na chaji ikiwa 14.4 zinabaki 8.1 za rezista. Ukitumia rezista ya omu 470 kwa kila mstari, umeme unaopita ni takriban miliampea 17, chini kidogo ya 20 ambazo LED za aina hiyo huvumilia. Tuktuki ikisimama kwenye foleni ya feri, taa kubwa zikiwaka na volti zikashuka hadi 12, bado utapata miliampea 12, na jicho halitaona tofauti kubwa. Linganisha na mstari wa LED tano wenye rezista ya omu 220: kwenye volti 14.4 utapata karibu 18, lakini kwenye volti 12 utaambulia 7 tu, na indiketa itafifia wakati ule ule unapoihitaji kwenye msongamano. Watu hupenda kujaza LED nyingi katika mstari mmoja ili wasipoteze umeme kwenye rezista. Kwa maoni yangu huo ni uchumi wa bure, kwa kuwa mistari minne ya LED tatu, yaani LED 12 kwa taa moja, hula ampea 0.07 tu, wakati globu ya wati 21 inayotumika katika magari mengi hula 1.75. Rezista ya robo wati inatosha, kwa sababu joto lake halifiki wati 0.14.

Unapolehemu, kumbuka kwamba mguu mrefu ni chanya na kwamba upande wa hasi umekatwa bapa kidogo kwenye ukingo wa kichwa. Globu haijali upande, lakini LED nyingi hazivumilii zaidi ya volti 5 zikipelekewa umeme kinyume. Kwa hiyo tanguliza diodi moja ya 1N4007, kifaa kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu, kwenye waya wa chanya wa kila taa, hata kama itakula volti 0.7 na kupunguza mwanga kidogo. Usikaze ncha ya chuma cha kulehemu kwenye mguu kwa zaidi ya sekunde tatu. Mkono ukiwa mzito, ushike mguu huo kwa koleo, kati ya lehemu na kichwa cha LED, ili joto liishie kwenye koleo.

Jambo ambalo hukuliuliza, nami nililijua kwa kuaibika, ni mwelekeo wa mwanga. Taa ya kwanza niliyoijenga ilikuwa kali sana ukiitazama kutoka nyuma moja kwa moja, nikajisifu, mpaka rafiki yangu alipotoka ubavuni katika makutano ya Buxton akaniambia kwamba hakuona chochote. Nyingi za LED zenye kichwa angavu hukusanya mwanga katika pembe ya nyuzi 20 au 30, na hapo ndipo zinapopata ule ukali unaotangazwa dukani. Kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 48, inayofuatwa na watengenezaji wengi wa magari, inataka indiketa ionekane hadi nyuzi 80 kuelekea nje ya chombo na 45 kuelekea ndani. Pinda mstari mmoja wa LED uelekee nje, au tumia LED zenye kichwa bapa zinazotawanya mwanga, kisha mwombe mtu azunguke tuktuki mchana wa jua kali na kukuambia anapoacha kuiona. Ukifanya jaribio hilo usiku, litakudanganya.

Mwisho, ukifunga taa hizi huenda zikawaka bila kupepesa. Flasha, yaani kifaa kinachoifanya indiketa ipepese, zile za zamani zina kibati ndani ambacho hupata moto kwa umeme wa globu, kikajipinda na kukata; kwa ampea 0.07 hakipati hata uvuguvugu. Nunua flasha ya kielektroniki ya LED, ambayo kasi yake haitegemei mzigo. Ikiwa ina miguu mitatu, B huenda kwenye umeme unaotoka kwenye fyuzi, L kwenye swichi ya indiketa, na E kwenye ethi, yaani upande wa hasi wa betri. Hesabu mapigo kwa saa ya mkononi: yanayokubalika ni 60 hadi 120 kwa dakika, na 90 ndiyo kasi nzuri.

Mwalimu, mimi ni mwendesha bodaboda wa Kisauni. Nimefunga LED pande zote nne na flasha mpya ya kielektroniki. Sasa nikiwasha kushoto, zote nne zinapepesa kama za hatari. Nimebadilisha flasha mara mbili bila mafanikio.
*Bodaboda, Kisauni*

Flasha haina kosa, na pole kwa pesa ulizopoteza. Tazama dashibodi yako: bila shaka ina kitaa kimoja tu cha kuonyesha indiketa, kwa pande zote mbili. Kitaa hicho hakina waya wa ethi. Mguu wake mmoja umeungwa kwenye waya wa kushoto na wa pili kwenye waya wa kulia. Zamani, ulipowasha kushoto, umeme ulipita ndani ya kitaa, ukaingia waya wa kulia na kurudi kwenye ethi kupitia globu za kulia. Globu hizo hazikuwaka kwa sababu umeme mdogo wa kitaa haukutosha kuzipasha moto. Kwa LED, umeme huo huo mdogo ni karamu.

Nunua diodi mbili za 1N4007. Kila moja ina mstari wa fedha upande mmoja. Unga pamoja ncha mbili zenye mstari na uzipeleke kwenye mguu mmoja wa kitaa. Ncha isiyo na mstari ya diodi ya kwanza iunge na waya wa kushoto, na ya diodi ya pili na waya wa kulia. Mguu wa pili wa kitaa utoe kabisa mahali ulipokuwa na uuunge na ethi. Sasa umeme kutoka upande wowote utafika kwenye kitaa, lakini hautaweza kuvuka upande wa pili.

Kwako Mwalimu. Baada ya kuweka LED kwenye gari langu dogo, indiketa zilianza kupepesa kwa kasi sana. Fundi akaniwekea rezista kubwa ya omu 6 na kuifunga kwa tepu nyuma ya bampa. Juzi nimekuta plastiki imelainika na kubonyea. Je, rezista hiyo ni mbovu?
*Msomaji, Changamwe*

Rezista ni nzima na inafanya kazi yake, ambayo ni kuunguza umeme ili gari lidhani globu bado ipo na liache kupepesa kwa kasi. Kwa volti 14.4 hula ampea 2.4, yaani karibu wati 35 kila indiketa inapowaka. Isogeze ifungwe kwa skrubu kwenye bati la bodi, mbali na plastiki na nyaya. Kama gari lako lina flasha inayochomoka, badilisha flasha na uitupe rezista. Kama upepesaji unaongozwa na kompyuta ya gari, hapo rezista haikwepeki, na mimi ningerudisha globu.

Taa niliyoijenga vizuri kabisa na kuiziba kwa silikoni imekufa baada ya miezi michache. Ndani, waya umekuwa wa kijani. Maji yalipita wapi?
*Msomaji, Mtongwe*

Huenda maji hayakupita. Je, silikoni hiyo ilinuka siki ulipoipaka? Aina hiyo hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula shaba, nawe uliifungia ndani pamoja na waya. Tafuta silikoni isiyo na harufu ya siki, au paka vanishi juu ya lehemu zote kabla ya kuziba. Vilevile usitegemee bati la bodi kuwa ethi. Kwa chumvi ya hewa ya huku kwetu, skrubu ya ethi hupata kutu mapema, kwa hiyo vuta waya wa hasi kutoka kwenye taa hadi kwenye betri. Na usiizibe taa pande zote: toboa tundu la milimita 3 sehemu ya chini kabisa, upande usioelekea tairi, ili umande unaojikusanya ndani usiku upate pa kutokea.