Bingwa wa theluji anapatikanaje?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Nipo kidato cha tatu hapa Makete na nakimbia mbio za nyika. Kwenye televisheni nimeona watu wakishindana kwenye theluji, wamevaa skii, zile mbao ndefu nyembamba za kutelezea, wanapanda milima kama ya kwetu. Bingwa wa mchezo ule anapatikanaje? Na sisi tuliozoea baridi na milima, tunaweza?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nitakujibu kwa bingwa mmoja, Bjørn Dæhlie wa Norwei, aliyezaliwa mwaka 1967. Katika Olimpiki tatu za majira ya baridi, Albertville 1992, Lillehammer 1994 na Nagano 1998, alichukua medali 12, na nane kati ya hizo ni za dhahabu. Nane!

Pumzi yake ni ya mkimbiaji, hapo unamwelewa vizuri. Lakini mchezo ule hauendi kwa miguu peke yake. Kuna fimbo mbili za kujisukumia, kwa hiyo mikono, mgongo na tumbo vinatumika kama miguu. Halafu kuna nta. Katika mtindo wa zamani, skii hupakwa nta sehemu ya katikati ili ishike theluji unapopanda. Ukikosea nta ya siku hiyo, mlimani unateleza kurudi nyuma, hata uwe na pumzi kiasi gani. Wenzetu wanajifunza hayo tangu utotoni.

Ndiyo maana nampenda sana Philip Boit, Mkenya wa Eldoret. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800. Mwaka 1996, yeye na mwenzake Henry Bitok walipelekwa Finland kwa udhamini wa Nike kujifunza skii. Miaka miwili tu baadaye Boit yuko Nagano, kilomita 10. Dæhlie alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit alitumia dakika 47, akawa wa 92, wa mwisho kati ya waliomaliza. Dæhlie alimngoja pale mwishoni dakika zote hizo, akamkumbatia, na utoaji wa medali ukasubiri. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie, na akarudi tena Olimpiki ya 2002 na ya 2006. Nimefundisha riadha miaka mingi hapa Njombe. Ushindi wote wa Dæhlie haunigusi kama kule kungoja.

Sasa wewe. Barafu ya Kitulo asubuhi za Juni huifanya nyasi iwe nyeupe, lakini jua likipanda imekwisha, haitelezeki. Zipo skii za magurudumu za kufanyia mazoezi barabarani, ila kwenye lami yetu yenye kona na malori ya mbao sikuruhusu. Dæhlie mwenyewe aliumia mgongo akiwa juu ya hizo mwaka 1999, akastaafu 2001 bila kurudi mashindanoni.

Endelea na mbio za nyika. Mara mbili kwa wiki ongeza pushapu na kujivuta juu kwenye tawi imara. Kwenye mlima wa mwisho mikono ndiyo inayolegea kwanza, na hatua hufupika hapo hapo.