Mwalimu wa Masindi, sokwe wako umvue sare kwanza

Mwalimu mwenzangu, umeuliza hapa mambo matatu. Una hadithi ya sokwe anayevaa sare na kwenda shule, unataka kujua kama itafaa. Uiandike kwa lugha gani? Na kitabu cha watoto kitamlipa mwalimu? Wenzangu wamekujibu kwa mistari miwili mitatu. Mimi nitakuchosha kidogo, maana haya nimeyasomea kwa ada yangu mwenyewe.

Nafundisha shule ya msingi huku Kasese, magharibi mwa Uganda, mwaka wa kumi na nne sasa, na nimetoa vitabu sita vyembamba: vinne vya wanyama, viwili vya maisha ya shule. Usihangaike kuvitafuta dukani Kampala. Duka lake ni mkoba wangu.

Cha kwanza kilikuwa cha mama kobu na mtoto wake. Kobu ni yule swala aliye kwenye nembo ya taifa, akitazamana na korongo taji; wasemao Luganda humwita ensunu. Nilimlipa kijana mmoja wa mjini anichoree, akaniletea mama mzuri mwenye pembe zilizopinda kama kinubi. Nikafurahi, nikapanda basi hadi Nasser Road, mtaa wa wapiga chapa Kampala, nikapiga chapa nakala 500.

Wanafunzi wangu wa mjini walikisoma wiki nzima bila neno. Siku niliyokipeleka shule moja upande wa Kasenyi, kule kwenye mbuga wanakozaliana kobu, sikumaliza hata ukurasa wa pili. Mtoto wa darasa la nne akanyoosha kidole: "Mwalimu, huyu si mama. Mama hana pembe." Darasa zima likaitikia. Na ni kweli, kobu jike hana pembe. Nikajitetea kwamba toleo lijalo nitabadilisha neno moja tu, mama awe baba. Yule mtoto akacheka kabisa: "Baba hakai na mtoto. Baba anakaa pale anapigana na wenzake."

Nakala 500, Mwalimu! Mtu mzima mwenye cheti cha ualimu nimesahihishwa na mtoto aliyekuja shule peku.

Tangu siku hiyo nimewagawa wanyama wa vitabuni mafungu mawili. Kuna wanyama wa kalenda, wale wanaotundikwa ofisini: simba ametulia, tembo na jua linazama nyuma yake. Halafu kuna wanyama wa njiani, ambao mtoto hukutana nao akienda kuteka maji. Ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth kuna vijiji vya wavuvi ambako kiboko hutoka majini usiku akala nyasi kando ya nyumba, na asubuhi mtoto anaruka kinyesi chake akielekea shuleni. Ngiri hupita sokoni kama mwenyeji. Mtoto huyo ukimwandikia kiboko mnene mcheshi anayecheza mpira, atakusikiliza kwa adabu tu, kama anavyomsikiliza mgeni aliyekuja na hotuba.

Sasa tuje kwa sokwe wako. Simaanishi mnyama asiseme. Sungura anasema tangu enzi za mabibi zetu, wasemao Luganda wana Wakayima wao, sungura yuleyule, na hakuna mtoto aliyewahi kulalamika. Lakini mtazame vizuri sungura wa hadithi: amebaki mdogo, amebaki mwoga wa meno, na ujanja wake wote unatokana na udogo huo. Ukimnyang'anya udogo, hadithi imekwisha. Sokwe wako, kwa ile sura ya hadithi uliyoiweka hapa, amevaa kaptula, ameketi dawatini, anajibu hesabu, anashika nafasi ya kwanza. Amebaki na nini cha usokwe? Nywele tu. Huyo ni mvulana, Mwalimu. Mwite mvulana, umpe jina la mvulana, upunguze gharama ya mchoraji.

Kuna hadithi nyingine iliyonifunza kwa njia ya uchungu zaidi. Mwaka 2018 simba 11 walikufa kwa sumu karibu na Hamukungu, kijiji kilicho ndani ya hifadhi hiyohiyo, wanane wakiwa watoto. Habari ilizunguka dunia. Nami kwa hasira nikaandika hadithi ya simba jike mwema na mfugaji katili, nikaipeleka kuisoma kwenye kijiji cha wafugaji, si hapo Hamukungu. Nilisoma kwa sauti ya majonzi hasa. Nilipomaliza, kimya. Kisha msichana mmoja wa nyuma akauliza polepole: "Na yule ndama aliyeliwa alikuwa wa nani?"

Nilikuwa sijafikiria. Kwenye hadithi yangu ndama alikuwa chakula tu, hakuwa na mwenyewe. Kumbe kwa yule msichana ndama ndiye ada ya kaka yake, ndiye maziwa ya nyumbani. Nilirudi nikaandika upya, safari hii mhusika akiwa mtoto mwenye ndama. Simba yumo, anatisha na ni mzuri, na mwishoni hakuna anayeuawa na hakuna anayerudishiwa ndama wake. Mchapishaji mmoja aliniambia hadithi haina funzo. Alikaa na mswada wangu miaka miwili, akaurudisha na ombi kwamba niongeze maswali matano mwishoni na methali. Nikaupeleka Nasser Road mwenyewe. Ndicho kitabu changu kinachouzika kuliko vyote, sijui kwa nini, na sitaki kujifanya najua.

Hadithi za shule nazo utazikuta mlemle kwenye wanyama, usizitafute mbali. Niliwahi kuwa na mvulana wa darasa la tano aliyekuwa akilala darasani kila siku muhula mzima. Nilimsimamisha nje, nikamkejeli mbele ya wenzake, nikamwandika kwenye kitabu cha makosa. Hakuwahi kujitetea. Siku moja nilipita kwao jioni kwa shughuli zangu, nikamkuta ameketi kwenye kibanda cha miti katikati ya mahindi, jerikani tupu mapajani na fimbo mkononi. Zamu yake ilikuwa ya usiku. Tembo wakitoka hifadhini yeye hupiga jerikani, na shamba la jirani linaitikia, na la pili yake, mpaka wageni wageuke. Wakati mwingine hawageuki. Aliniambia tembo hatembei kwa kishindo kama watu wanavyodhani, husikii kitu mpaka mahindi yaanze kuvunjika.

Sentensi hiyo niliiandika kama ilivyo, ikawa mwanzo wa kitabu cha nne. Msamaha nilimwomba pia, lakini hilo ni letu sisi wawili.

Kuhusu shule zilivyofungwa kwa korona tangu Machi 2020 hadi 10 Januari 2022, ukiacha vipindi vya baadhi ya madarasa kurudi, niseme kidogo tu, maana kila mmoja hapa ana yake. Tulipofungua, viti vya wasichana wa darasa la sita na la saba ndivyo vilivyokuwa vitupu. Mmoja alirudi akiwa ameshazaa, mtoto akamwachia bibi yake. Nikaandika kitabu kifupi cha msichana anayerudi shule na maziwa yanamvujia kwenye sare wakati wa somo la sayansi. Mwalimu mkuu mmoja alikikataa mlangoni, akasema nahamasisha uhuni. Nakala moja nilimwachia mwalimu wa kike wa hapohapo. Nilipoiona tena jalada lilikuwa limeshatoka, kurasa zimeshonwa kwa uzi mweusi.

Lugha. Mtaala wa mwaka 2007 unataka darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya nyumbani, la nne ni la kuvuka, kisha Kiingereza. Huku kwetu lugha ya nyumbani kwa wengi ni Lukonzo, lakini Kiswahili nacho kimo mitaani tangu enzi za mgodi wa shaba wa Kilembe, na Kongo ipo hapo ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe. Mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua Kiswahili kiwe somo la lazima msingi na sekondari. Walimu hawatoshi, na vitabu vingi tunavyopata vimeandikwa kwa ajili ya watoto wa nchi jirani. Si vibaya, ila mtoto wangu anasoma miji asiyoijua na chakula kwa jina asilolitumia. Mhariri mmoja alinibadilishia "posho" ikawa "ugali" kitabu kizima. Nikairudisha. Najua msomaji wa Dar es Salaam atadhani mtoto wangu amekula marupurupu, lakini mtoto wa Kasese anakula posho na maharage, na kitabu ni chake.

Mimi huandika Kiswahili kwanza kwa sababu ndicho ninachokisikia kichwani. Baadaye huketi na mama mmoja mchuuzi wa samaki, tunakigeuza Lukonzo, sentensi baada ya sentensi, na akicheka mahali pasipo na mzaha najua nimekosea. Masindi wewe una Lunyoro, una wahamiaji wa mashamba ya miwa kutoka kila upande, na Kiswahili kinawaunganisha. Hapo una bahati kuliko mimi.

Mambo ya matbaa: hesabu kurasa zako kwa nne. Karatasi hukunjwa na kubanwa pini katikati, kwa hiyo kitabu kinakuja na kurasa 16, 20, 24. Mimi nilipeleka kurasa 18, nikarudi na mbili nyeupe nyuma. Nililalamika sana, mpaka nilipoona watoto wamezijaza michoro ya kobu, wote majike, wote bila pembe. Siku hizi ukurasa mmoja mweupe nauacha kwa makusudi. Na mchoraji umlipe nusu kabla na nusu baada, na usimwambie "chora chui" ukanyamaza, maana atakwenda kwenye simu akuletee chui milia wa India. Mpe picha au mpeleke akaone. Kama ana nauli ya kufika Entebbe, kituo cha wanyama kipo pale tangu 1952, akae siku nzima mbele ya sokwe halisi na daftari lake.

Pesa, nitakuambia ukweli. Gharama yangu kwa nakala ni kama shilingi 4,000, nauza 7,000, na katikati hapo kuna nauli, kuna maboksi yaliyolowa, kuna walimu wakuu wanaochukua thelathini kwa ahadi ya muhula ujao. Shule moja naidai tangu kabla ya korona. Mzazi wa Uganda mwenye shilingi 7,000 atanunua karatasi za mitihani ya PLE, ule wa kumaliza shule ya msingi, kabla ya kununua hadithi, na simlaumu, mtihani ndio unaofungua sekondari. Soko langu ni siku ya kutembelea watoto kwenye shule za bweni. Mzazi amekuja na kuku na soda, ana hatia kidogo ya kukaa mbali muda mrefu, na mtoto anamvuta mkono kuelekea meza yangu. Siku nzuri nauza arobaini. Mshahara haujawahi kutoka humo. Toleo moja limelipia toleo linalofuata, basi, na mara moja limelipia bati la jikoni.

Kwa hiyo usiache kazi, na usiandike zaidi mpaka umefanya jambo moja. Masindi mko jirani na msitu wa Budongo. Sokwe hutoka msituni wakaingia kwenye mashamba, na nina hakika nusu ya darasa lako wameshawahi kutumwa kuwafukuza. Huyo ndiye sokwe wako. Wasomee watoto ukurasa wako wa kwanza kama ulivyo, sare na yote, kisha nyamaza, uwaachie wamvue nguo huyo sokwe wenyewe.

Na mimi nina swali ambalo watoto wako watalijibu haraka kuliko wewe: sokwe akishatafuna mua, makapi anayatema palepale shambani au anayabeba mdomoni mpaka kwenye mti? Niandikie hapa chini wakishakuambia.