Niliketi nyuma ili nisilowe, maji yakanipiga mgongoni

SWALI

Jambo Baba Injenieri. Mimi ni mama wa Kamalondo, hapa hapa Lubumbashi. Mwezi wa nane nilikwenda Ubelgiji kumwona binti yangu aliyejifungua. Siku moja mkwe wangu akatupeleka kwenye bustani kubwa ya michezo nje ya Brussels. Binti akabaki chini na mtoto, sisi wengine tukapanda ile mashua inayovutwa na mnyororo mpaka juu, halafu inaachiliwa ishuke kwenye maji. Mkwe akaniambia, "Mama, wewe keti nyuma kabisa, wa mbele ndio wanaolowa." Basi wajukuu wawili wakaketi mbele, yeye akaketi safu moja kabla yangu (heshima ya ukwe haituruhusu kubanana kiti kimoja), mimi na sakoshi yangu tukawa wa mwisho. Tena mimi si mwepesi, najijua, na yeye ni mtu wa mwili.

Tulipokuwa tunapanda tu, hata kushuka bado, miguu yangu ikawa majini. Tuliposhuka, maji yakanimwagikia kichwani, na wale watoto mbele wanacheka, nguo zao karibu kavu. Nikasema yamekwisha. Mashua imeshapoa, inakwenda taratibu, ndipo maji mengine yakanipiga mgongoni, ndoo nzima, yakajaza sakoshi na kuharibu kikwembe changu cha sikukuu. Simu ikazima. Mkwe anaapa hakujua. Je, kuna mtu aliyebonyeza kitufe mahali? Au mashua ilikuwa na kasoro? Na maji yote yale, bili yake analipa nani? Na binti akinialika tena, niketi wapi?

JIBU

Pole sana mama, hasa kwa kikwembe. Kwanza nimwokoe mkwe wako: hakukudanganya. Alikupa kanuni iliyo kweli siku fulani, kwa mashua fulani, na watu fulani ndani yake. Siku yako haikuwa hiyo. Umelowa mara tatu, na kila mara maji yalipita njia yake.

Ya miguu ni rahisi. Abiria waliokutangulia waliacha maji kwenye sakafu ya mashua. Mashua ikiwa imelala sawa, yanatandaa yote na hakuna anayeyaona. Mnyororo unapoiinua pua, maji yote ya sakafuni yanakimbilia sehemu ya chini, na sehemu ya chini wakati wa kupanda ni nyuma, chini ya viatu vyako. Ungetazama mashua ilipofika chini na kupunguza mwendo ghafla, ungeona yamehamia kwa wajukuu.

Sasa maji ya kichwani. Hapa nirudi nyuma kidogo, maana ndipo penye ufunguo wa mambo yote. Vijana wanaokuja kujifunza kazi kwangu huwa nawauliza: ile mashua inasimamishwa na nini? Dereva hayumo, pedali haina. Imeshuka, tuseme, mita 12. Kitu kinachoteremka mita 12 bila kuzuiliwa hufika chini na mwendo wa kama mita 15 kwa sekunde, yaani kilomita 55 kwa saa, kiwe chepesi au kizito. Msuguano ukipunguza kidogo, zinabaki mita 14. Mita chache mbele, mashua hiyo hiyo inakwenda kama mtu anayekimbia. Mwendo umekwenda wapi?

Umeingia majini. Maji yale ndiyo breki. Mashua inasimama kwa sababu inasukuma maji, na maji yaliyosukumwa lazima yaende mahali. Tupige hesabu ya mezani. Mashua pamoja na watu wake iwe na kilo 700, ipunguze mwendo kutoka mita 14 hadi mita 4 kwa sekunde. Kama maji inayoyakumba yanarushwa mbele kwa mita 7 kwa sekunde, inabidi ikumbe kilo 1,000 za maji ili kupoteza mwendo huo. Tani moja, mama. Ni bidoni 50 za lita 20, zile za njano tunazozijua, zinarushwa hewani kwa muda usiozidi kumeza mate mara mbili. Baadhi yake kukufikia wewe si ajabu. Ajabu ni kwamba kuna wanaotoka wakavu.

Na wanaotoka wakavu mara nyingi ni wa mbele, kama wajukuu wako. Pua ya mashua ile imepanuliwa juu ili iyatupe maji pembeni na juu, mbali na nyuso za watu. Pazia la maji linasimama kulia na kushoto, watoto wamejikunja chini ya ukingo, wanapita katikati yake kama mtu anayepita mlangoni. Lakini pazia likipanda mita 3, linahitaji karibu sekunde moja na nusu kwenda juu na kurudi. Wakati huo mashua inaendelea mbele. Matone madogo hayana nguvu ya kushindana na hewa: yanapoteza mwendo upesi, yanabaki yakielea pale pale yaliporushiwa, na kiti cha nyuma kinafika chini yake yanapoanza kuanguka. Aliyewahi kusimama kwenye maporomoko ya Lofoi, kule Kundelungu, anajua jambo hili bila hesabu. Maji yanaanguka zaidi ya mita 300, wewe umesimama mbali, unajisifu, na bado shati linalowa kwa sababu matone madogo yanakwenda upepo unakotaka.

Kama mashua ingesimama ghafla zaidi, pazia lingewaangukia watoto. Ndiyo maana nasema kanuni ya mkwe ni ya kweli siku fulani tu. Mashua ikiwa nzito inasukuma maji mengi zaidi. Uzito ukikaa mbele, pua inazama na kuchota. Hata kina cha maji pale chini kikiongezeka kwa sentimita chache, mrusho unabadilika kabisa. Pengine yeye alipanda siku ambayo mbele walikaa wanaume wanne.

Tuje mgongoni, maana naona hapo ndipo palipokuumiza roho. Kitufe hakikuwepo. Ni kweli kuna bustani ambazo watu waliosimama ukingoni hutia sarafu na kuwapiga abiria maji kwa bomba, lakini hayo huja kutoka pembeni, mkondo mwembamba. Wewe unasema ndoo nzima, kutoka nyuma, mashua ikiwa imeshapoa. Mimi nayajua maji hayo. Yaliwahi kunilowesha.

Nilikuwa bado kijana, nimetumwa Kasenga kufunga pampu ya kumwagilia shamba. Tulivuka kipande cha mto Luapula kwa mtumbwi wenye injini nyuma, nami nikaketi karibu na injini kwa sababu hiyo hiyo ya mkwe wako: mbele kulikuwa kunarusha maji. Tulipokaribia ukingo, kijana wa injini akakata mafuta mara moja. Mtumbwi ukapoa. Sekunde mbili, tatu, halafu wimbi likapanda kutoka nyuma, likapita juu ya injini, likaingia shingoni mwangu na kwenye michoro yote ya kazi. Mzee aliyekuwa ameketi katikati, mkavu kabisa, akamgombeza kijana: "Wewe umesimama, lakini maji uliyoyavuta hayajui kama umesimama."

Sijapata mwalimu wa haidroliki, elimu ya mwendo wa maji, aliyelisema vizuri kuliko hivyo. Mashua inayokwenda kasi haiachi nyuma maji yaliyolala. Inaacha shimo, na maji yanakimbia kulijaza yakiifuata. Maadamu inakwenda mbio kuliko maji hayo, humwoni anayekufuata. Ikipunguza mwendo ghafla, anayekufuata anakufikia. Kwenye mfereji wenye kina cha mita moja, wimbi husafiri kama mita 3 kwa sekunde. Mashua yako wakati ule labda ilibaki na mita 1. Hakuna mbio hapo, wimbi lazima likukute. Luapula ni pana, sehemu ya wimbi hutawanyika. Mfereji wa bustani una kuta pande zote mbili, kwa hiyo wimbi halina pa kwenda ila mbele, na mbele ni mgongo wako.

Sasa ongeza uzito. Samahani mama, umelitaja mwenyewe. Watoto wawili mbele, watu wazima wawili nyuma: nyuma ya mashua ilikuwa imeinama. Ukingo wa nyuma, ambao labda ungekuwa juu ya maji kwa mkono mzima, ulibaki juu kwa kiganja. Wimbi ambalo lingegonga ubao na kurudi likapata njia ya kuingia. Wenye mitumbwi wanapanga watu kabla ya kuondoka, "wewe hapa, wewe pale", na abiria wa mjini wanakasirika kwa kudhani wanaonewa.

Kwa hiyo kasoro haikuwepo. Wanaobuni mashua hizo wanajua kila nililokueleza, tena wanalitegemea. Za kwanza za aina hii zilijengwa Marekani, kwenye bustani ya michezo ya Six Flags Over Texas, mwaka 1963. Waliiga mifereji ambayo wakata miti walitumia kuteremshia magogo kutoka milimani, ndiyo maana mpaka leo mashua nyingi zinachongwa zifanane na gogo. Tangu 1980, pale bustani ya AstroWorld ya Houston, wakaongeza ukatili mwingine: chombo cha mviringo kinachozunguka ovyo kwenye maji yenye vurugu. Huko hakuna mbele wala nyuma, na mkwe yeyote atakayekushauri pa kuketi ni mganga.

Kuhusu bili, umenigusa kwenye kazi yangu, nivumilie. Maji yale hayanunuliwi kila siku. Ni yale yale yanayozunguka. Chini kuna bwawa, pampu zinayasukuma mpaka mfereji wa juu, yanateremka yakibeba mashua, yanarudi bwawani, yanachujwa, yanatiwa klorini, yanapanda tena. Kinachopotea ni yale yanayokauka na jua na yale mnayoondoka nayo kwenye nguo. Gharama iko kwenye umeme. Mfereji wa upana wa mita moja na nusu, kina cha nusu mita, maji yakienda mita 2 kwa sekunde, unapitisha lita 1,500 kila sekunde. Kuyainua mita 10 kunahitaji karibu kilowati 150, na kwa kuwa hakuna pampu isiyopoteza kitu, weka 200. Sisi tunaotoa maji migodini tunafanya kazi hiyo hiyo, ila sisi tunayainua ili tuachane nayo, wao wanayainua ili wayaangushe tena. Mara ya kwanza nilipoeleza jambo hili kwa wenzangu wa kazini, mmoja aliniuliza kama wazungu wamelogwa.

Kuna kitu kimoja pale kinachonipendeza kweli. Umeme ukikatika, maji yote yaliyo kwenye mifereji ya juu yanateremka yenyewe bwawani. Asiyelifikiria hilo mapema atajenga bwawa la kutosha maji ya kila siku tu, na siku pampu zitakapozima litafurika mpaka kwenye vibanda vya kuuzia vyakula. Hapa kwetu, ambapo umeme haukuagi unapoondoka, ndilo jambo la kwanza ninalouliza mtu anaponiletea mchoro wa tangi.

Simu si fani yangu. Najua tu kwamba usiichomeke kwenye chaja ikiwa na unyevu, hata ikikubembeleza, kwa sababu maji pamoja na umeme ndiyo yanayokula vyuma vya ndani. Mchele hausaidii, unaacha vumbi na punje kwenye tundu. Na ile alama ya kuzuia maji iliyoandikwa kwenye boksi inapimwa kwa maji safi yaliyotulia, si kwa wimbi lenye klorini. Mpelekee fundi aifungue, na umwambie ukweli kwamba ililowa.

Umeuliza pia, mwisho wa barua yako, kama binti akikualika tena uketi wapi. Kati kati, mama, pale alipoketi yule mzee wa Kasenga. Kikwembe cha kawaida, sakoshi ibaki na binti chini. Wajukuu wakae mbele kama kawaida yao. Na mkwe, kwa heshima zote, mpishe yeye kile kiti cha nyuma kabisa.